Kuchagua na Kuboresha Mashine ya Espreso ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Ukimsikia mtu analalamika kwamba mashine yake mpya ya espreso inatoa kahawa chachu, nyepesi na isiyo na povu, muulize kwanza anasagia nini. Mara nyingi utakuta fedha zote zimeingia kwenye mashine na kinu kimenunuliwa kwa chenji iliyobaki. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaouamini kwa dhati: kinu kwanza, kisha buni na maji, na mashine ije baada ya hivyo. Kama unanunua kwa mara ya kwanza, usome wote. Kama mashine unayo tayari na umeanza kuichoka, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kupima kikombe, maana hapo ndipo utakapojua kama unahitaji nyingine au la.

Kabla ya yote, zishike namba hizi. Shoti ni dozi moja ya espreso. Shoti mbili za pamoja, ambazo ndizo kipimo cha kawaida siku hizi, huanza na gramu 18 za unga mkavu na kutoa gramu 36 hivi za kahawa kikombeni, ndani ya sekunde 25 hadi 30, kwa maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 na presha ya bar 9 hivi. Kila kifaa utakachouziwa kina kazi ya kulinda mojawapo ya namba hizi isiyumbe. Kisicholinda hata moja ni pambo.

Presha hiyo ndiyo iliyozaa espreso tunayoijua. Mashine za mwanzo zilitegemea mvuke wa boila kusukuma maji, na mvuke huo haukufika hata bar 2. Achille Gaggia wa Milano alipoleta pistoni ya wenzo mwaka 1947, ndipo lile povu zito la hudhurungi lilipoanza kuonekana juu ya kikombe.

Hatua ya 1: Jua unakunywa nini

Swali kubwa ni maziwa. Anayekunywa espreso tupu, kikombe kimoja asubuhi na kimoja mchana, anahitaji joto lisiloyumba. Mvuke wenye nguvu kwake ni anasa. Anayewatengenezea watu wanne kapuchino kabla hawajatoka kwenda kazini anahitaji mvuke usiokatika, na asiwe mtu wa kusubiri boila ipande joto kati ya kikombe na kikombe. Watu hawa wawili hawapaswi kununua mashine moja, hata kama bajeti zao zinalingana.

Angalia pia muda ulionao asubuhi, urefu wa kabati lililo juu ya meza, na umeme. Mashine ya volti 110 hadi 120 haifanyi kazi kwenye soketi ya 220 hadi 240, na transfoma ya kubeba wati 1,300 ni mzigo usioutaka jikoni.

Hatua ya 2: Kinu

Maji yenye presha ya bar 9 yana kizuizi kimoja tu mbele yake: unga wa kahawa ulioshindiliwa. Unga ukiwa umeparazwa, maji hupita mbio, shoti inaisha kwa sekunde kumi, na kikombe kinakuwa chachu na chepesi. Ukiwa laini kupita kiasi, pampu inaguna na kutoa matone meusi machungu, au haitoi kitu kabisa. Kati ya hali hizo mbili kuna upana mdogo mno, na kinu ndicho kinachokufikisha hapo. Mashine ya kifahari haiwezi kuusahihisha unga mbaya, ilhali mashine ya kawaida iliyopata unga mzuri inaweza kukupa kikombe cha kukushangaza.

Kinu cha visu, kile kinachokata buni kwa panga linalozunguka, hakifai. Hutoa vumbi na chenga kwa pamoja, na maji hayajui yafuate lipi. Unahitaji kinu cha meno, tena chenye ngazi ndogo ndogo za kurekebisha au kisicho na ngazi kabisa. Kipimo changu ni rahisi: sogeza ngazi moja, utengeneze shoti ileile. Muda ukibadilika kwa sekunde mbili tatu, kinu kinafaa. Ukiruka sekunde kumi, kinu hicho kimeundwa kwa kahawa ya kuchuja na kitakusumbua daima.

Mwenye bajeti ndogo asidharau vinu vya mkono. 1Zpresso J-Ultra husogeza meno kwa maikroni 8 kwa kila ngazi, na Kingrinder K6 kwa maikroni 16. Vyote viwili vinasaga kwa ulaini unaotakiwa, na vya umeme vya bei hiyo aghalabu havivifikii. Gharama yake ni jasho, kwa sababu buni zilizokaangwa kidogo ni ngumu na mkono utachoka. Kwa vya umeme, Eureka Mignon Specialita yenye meno bapa ya mm 55 na Niche Zero yenye meno ya umbo la pia (koni) ya mm 63 zimejijengea jina kwa miaka. Meno bapa huelekea kuzitenganisha ladha; ya pia hutoa kikombe kizito zaidi. Tofauti hiyo ipo, ila isikunyime usingizi unaponunua kinu cha kwanza.

Mashine zenye kinu ndani yake zinavutia kwa sababu zinabana nafasi. Mimi nazikwepa. Siku kinu kinapokuzuia kuendelea, huwezi kukiuza peke yake, na kikiharibika mashine yote inaenda kwa fundi.

Kama kinu hakiwezekani kwa sasa, tumia chujio (kikombe cha chuma kinachobeba unga) la kuta mbili, lile lenye tundu moja dogo chini. Tundu hilo ndilo linalojenga presha badala ya unga, hivyo kahawa iliyosagwa dukani itatoka na povu. Utapata kinywaji kizuri cha kuchanganya na maziwa, lakini ladha za buni zenyewe hutazisikia sawasawa.

Hatua ya 3: Buni na maji

Nunua buni zenye tarehe ya kukaangwa. Zikitoka motoni zinakuwa na gesi nyingi ya kaboni dioksidi inayoyafukuza maji, kwa hiyo zipumzishe siku 7 hadi 14, kisha zimalize ndani ya mwezi mmoja au na wiki mbili juu yake. Zinazobaki zigawe kwenye vifuko visivyopitisha hewa na uziweke kwenye friza.

Maji yanaharibu mashine nyingi kuliko kitu kingine chochote. Yenye madini mengi huacha ukoko wa chokaa ndani ya boila, kwenye vali na kwenye mirija myembamba, na fundi akifungua anakuta jiwe. Yenye kloraidi nyingi hula chuma cha pua, na huo ugonjwa hauna dawa ya kusafishia. Kwa upande mwingine, maji yasiyo na madini kabisa yana ladha bapa kikombeni, na katika mashine nyingi zenye kihisi cha umeme cha kiwango cha maji, kihisi hicho hakiyaoni. Ugumu wa mg 50 hadi 175 kwa lita ndio unaopendekezwa kwa kahawa. Kwa usalama wa boila, kaa upande wa chini. Vijikaratasi vya kupimia ugumu ni rahisi kupata, na jibu linakuja kwa dakika moja.

Kuna mchanganyiko mmoja ninaoupenda kwa urahisi wake: chukua maji safi ya kunywa yaliyoondolewa madini yote, ongeza gramu 0.1 ya potasiamu baikaboneti ya daraja la chakula kwa kila lita. Hayana kalsiamu, kwa hiyo hayawezi kuweka ukoko, na kikombe kinatoka laini.

Hatua ya 4: Chagua aina ya mashine

Mashine za boila moja ndogo, kama Gaggia Classic na Rancilio Silvia, hutumia boila ileile kwa kahawa na kwa mvuke. Unatengeneza shoti, unabonyeza swichi ya mvuke, unasubiri joto lipande, ndipo unachemsha maziwa. Boila ya Silvia ina ml 300; ya Classic ni ndogo zaidi, hivyo mvuke wake huisha upesi. Ni mashine za chuma, zinafunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake vimejaa kila mahali. Kwa anayekunywa kahawa tupu na anayependa kushika vifaa kwa mkono wake, hapa ndipo pa kuanzia.

Mashine za kupasha maji yanapopita, bila tangi la kuyahifadhi, huwahi kuwa tayari. Bambino ya Breville, inayouzwa kwa jina la Sage huko Ulaya, hufikia joto kwa sekunde tatu. Kwa mtu mwenye haraka na anayetaka maziwa, ni chaguo zuri mno. Udhaifu wake uko kwenye ukarabati: vitu vingi ndani ni plastiki na vibati vya elektroniki, na si kila fundi ataigusa.

Kisha zipo zenye boila moja kubwa ya mvuke ambayo ndani yake mna bomba jembamba la maji ya kahawa. Unachemsha maziwa huku shoti inashuka. Maji yaliyotulia ndani ya bomba hilo hupata joto kupita kiasi, kwa hiyo mashine ikikaa bila kutumika unamwaga kidogo kwanza mpaka yaache kufoka. Zenye boila mbili huondoa usumbufu huo, kwa kuwa kila kazi ina boila yake na joto lake. Ni nzito, hula umeme zaidi, na zina vitu vingi zaidi vya kuharibika.

Mashine za wenzo za mkono nazo zina mahali pake. Flair nyingi na Cafelat Robot hazina umeme kabisa. Unamimina maji ya birika, unasukuma kwa mkono, na presha unaisikia kwenye viganja. Hazitoi mvuke. Kwa mnywaji wa kahawa tupu mwenye kinu kizuri, zinatoa espreso safi kwa gharama ndogo kuliko mashine yoyote ya umeme yenye ubora wa kikombe hicho.

Usibabaishwe na maandishi ya "bar 15" kwenye boksi. Huo ni uwezo wa juu wa pampu ikiwa imezibwa. Kinachofaa ni vali inayopunguza presha iwe bar 9 kwenye kahawa. Angalia badala yake kipenyo cha chujio: mm 58 ndicho kipimo cha mashine za kibiashara, na machujio, vishindilio na vifaa vyake ni tele. Za mm 54 zina vifaa vya kutosha. Za mm 51 vimekuwa vingi kiasi, lakini utafute kabla hujanunua.

Hatua ya 5: Pima kikombe kabla ya kufungua pochi

Hii ndiyo sehemu inayookoa fedha. Tenga asubuhi moja, tumia buni za mfuko mmoja, na ufanye hivi:

1. Pasha mashine na kishikio chake (mkono unaobeba chujio) kikiwa kimefungwa mahali pake. Boila ndogo ipe dakika 20.
2. Pima gramu 18 kwa mizani inayosoma gramu 0.1. Kijiko hakitoshi.
3. Koroga unga ndani ya chujio kwa sindano nyembamba hadi mabonge yote yavunjike, kisha shindilia sawasawa bila kuinamisha mkono.
4. Weka kikombe juu ya mizani, anza kuhesabu pampu inapowaka, zima ikikaribia gramu 36.
5. Andika muda, onja, rudia mara tatu bila kubadilisha chochote.

Kukoroga kwa sindano kulienezwa na John Weiss mwaka 2005, naye alianza na kikopo cha mtindi kilichokatwa kitako. Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hicho chenye faida kubwa namna hiyo.

Sasa soma matokeo. Shoti zote zikienda mbio na kuwa chachu, saga laini zaidi. Mashine haina kosa. Zikichukua muda ufaao na bado ni chachu, ongeza joto, au acha kahawa ifike gramu 42 hadi 45. Zikiacha uchungu na ukakasi mdomoni, fanya kinyume chake. Nyakati zikipishana kwa zaidi ya sekunde tano ilhali uzito ni uleule, tatizo lipo kwenye kinu au kwenye mkono wako. Lakini ya kwanza ikiwa chachu na ya tatu chungu, huku zote zimeshuka kwa muda uleule, hapo joto la mashine linayumba, na hapo ndipo mashine yenyewe inapoingia lawamani.

Kishikio kisicho na mdomo, ambacho chujio lake linaonekana kwa chini, kitakufundisha zaidi ya maelezo yoyote. Inama uchungulie. Sekunde kadhaa za mwanzo hakuna kitu. Kisha matone meusi yanachomoza kwenye ukingo wa chujio, yanajipanga duara, yanasogea katikati na kuungana kuwa uzi mmoja mnene, wa hudhurungi yenye milia myeusi, unaopauka polepole kadiri shoti inavyoendelea. Ukiona doa moja linageuka njano mapema, au kijimshale cha kahawa kinaruka hadi kwenye aproni, maji yametoboa njia. Hapo sehemu moja ya unga imeoshwa kupita kiasi na nyingine haijaguswa, ndiyo maana kikombe kinakuwa chachu na chungu kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kukoroga vizuri zaidi na kushindilia bapa. Mashine mpya ingetoboa vilevile.

Hatua ya 6: Boresha uliyonayo

Anza na chujio. Yale ya kampuni za IMS au VST yametobolewa kwa usawa zaidi kuliko mengi yanayokuja na mashine. Kwa mm 58, kishindilio cha mm 58.5 hufika kwenye kuta bila kuacha ukingo mlegevu.

Ya pili ni mpira wa kuzibia kwenye kichwa cha mashine, pale kishikio kinapofungwa. Joto huukausha ukawa mgumu. Dalili ni kishikio kinachozunguka kupita pale kilipozoea kusimama, na maji yanayovuja pembeni. Chomoa mashine kwenye umeme, iache ipoe, fungua skrubu ya kichujio cha juu, uung'oe mpira kwa kitu chenye ncha, ukikumbuka upande uliokuwa ukitazama juu. Sugua mfereji wake mpaka uone chuma, maana machicha yaliyoganda humo ndiyo yanayouzuia mpira mpya kukaa sawasawa. Kwa matumizi ya kila siku, badilisha kila mwaka.

Kisha presha. Gaggia Classic za miaka ya nyuma zilitoka kiwandani zikiwa juu ya bar 9, na springi ya kubadilisha ndani ya vali ni kazi ya nusu saa. Za toleo la Evo Pro hutoka zikiwa na bar 9 tayari. Pima kwa geji inayofungwa kwenye kishikio kabla na baada.

Kubwa kuliko yote ni kidhibiti joto cha kielektroniki cha PID. Thermostati ya kawaida huwasha na kuzima boila kwa kishindo, na joto hupanda na kushuka nyuzi nyingi kati ya mara moja na nyingine. PID hupima mfululizo na kutoa umeme kidogo kidogo, hivyo joto unalolichagua ndilo unalolipata. Silvia yenye PID ni mashine nyingine kabisa. Kazi hii inagusa nyaya za umeme mkuu karibu na maji, kwa hiyo kama hujui unachokifanya, mpe fundi umeme. Wenye kupenda programu wana mradi wa wazi wa Gaggiuino, unaoifanya Gaggia Classic idhibiti joto na presha kwa kompyuta ndogo.

Hatua ya 7: Badilisha mashine inapobidi

Ukishafanya hayo yote, sababu zinazobaki ni chache: unahitaji maziwa na kahawa kwa wakati mmoja, unahudumia watu wengi mfululizo, au mashine haina vipuri tena. Kwa maziwa mengi na shoti za kawaida, boila moja yenye bomba ndani inatosha. Kwa anayebadilisha buni mara kwa mara na kutaka kucheza na joto, nenda kwenye boila mbili.

Mashine nyingi za daraja hili hubeba kichwa cha E61, muundo uliotokana na Faema ya mwaka 1961 na kuitwa hivyo kwa kupatwa kwa jua kulikotokea mwaka huo. Ni kipande kizito cha shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na maji ya moto hukizunguka ili kishike joto. Uzito huo unalituliza joto, lakini unadai nusu saa au zaidi ya kupashwa. Kama huna nusu saa asubuhi, nunua plagi yenye saa ya kujiwasha, au chagua kichwa kinachopashwa kwa umeme.

Ukinunua iliyotumika, nenda na tochi, mizani na chujio lisilo na tundu. Muulize mwenyewe alitumia maji gani, kisha umulike ndani ya tangi na kwenye kichwa: ukoko mweupe unaoonekana nje unamaanisha zaidi ndani. Iwashe ikiwa imepoa ili uone inachukua muda gani. Funga lile chujio zima, washa pampu sekunde kumi, na usikilize. Sauti inapaswa kuzama na kutulia, bila maji kuvuja kokote. Fungua mvuke dakika nzima. Swichi kuu ya nyumba ikijikata, kipashio kimepasuka au kuna unyevu mahali, na bei ishuke au uondoke.

Mashine ikishafika nyumbani, badilisha mpira wa kuzibia hata kama haujavuja, na kama ina vali ya kutolea presha, ile inayoachia presha iliyobaki kwenye kishikio shoti inapoisha, isafishe kichwa kwa unga maalumu wa kusafishia mashine za kahawa na chujio lisilo na tundu. Isiyo na vali hiyo usiisafishe kwa njia hii. Baada ya hapo tumia buni ulizozizoea, gramu 18 kwa 36, bila kugusa joto wala kipimo kwa wiki ya kwanza. Sogeza kinu tu, ngazi moja kwa mara moja, hadi ujue mashine inavyoitikia.